Namna ya Kutofautisha "Borrow" na "Lend"

Mwanafunzi anayetaka kalamu ya mwenzake husema, "Naomba uniazime kalamu." Akiulizwa baadaye ameitoa wapi, hujibu, "Nimeiazima kwa Asha." Kitenzi ni kilekile, ingawa katika sentensi ya kwanza anayeazima ndiye anayetoa na katika ya pili ndiye anayepokea, wala hatupotei, kwa kuwa viambishi na neno "kwa" hutuonyesha kalamu inaelekea wapi. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kuazima kinachoelekea pande zote mbili. Kwa hiyo kosa la "borrow me your pen", ambalo nimelikuta katika madaftari mengi mno, halitokani na uvivu. Mwanafunzi amefuata azima yake kwa uaminifu mpaka ikampoteza.

Dawa tunayo nyumbani. Weka azima kando, ushike kopa na kopesha, vitenzi ambavyo hakuna mwenye duka atakayevichanganya. "Borrow" ni kukopa, yaani kitu kinakujia. "Lend" ni kukopesha, yaani kitu kinakutoka. Ukitilia shaka sentensi yako, irudishe katika Kiswahili kwa vitenzi hivyo: "lend me" ni "nikopeshe", maneno ya kila siku, lakini "borrow me" itakuwa "nikope", yaani chukua mkopo kwangu, na hapo sikio lako lenyewe litakataa. "Borrow" hufuatwa na kitu, si mtu, na mwenye kitu hutajwa baadaye kwa "from", ambayo katika Kiswahili ni "kwa". Ndiyo sababu "I borrowed a pen from Asha" na "Asha lent me a pen" zinaeleza tukio moja kutoka pande mbili. Zingatia pia kwamba wakati uliopita wa "lend" ni "lent", si "lended".

Tahadhari moja inahitajika. Sisi hukopa fedha, au vitu vinavyotumika vikaisha, na huazima vile vitakavyorudishwa vilevile, kama jembe au sufuria; Kiingereza hakijali tofauti hiyo, hivyo usiogope kutumia "borrow" kwa baiskeli au kitabu cha maktaba. Katika kuomba, tazama nani anatajwa kabla ya kitenzi. Ukibisha kwa jirani kutafuta sukari, unaweza kusema "Can I borrow some sugar?" kwa sababu mpokeaji ni wewe, au "Can you lend me some sugar?" kwa sababu mtoaji ni yeye.