Kulala vizuri kwenye chumba cha watu wawili

Wiki ya kwanza hosteli, kabla hamjaanza kununiana, kaa na mwenzako mkubaliane saa ya kuzima taa kubwa. Mazungumzo ya dakika 5 tu. Mimi nilinyamaza karibu muhula mzima huku mwenzangu akichapa kazi zake mpaka saa nane usiku, ta-ta-ta-ta, nami nimejifunika shuka gubigubi. Kumbe yeye alidhani taa hainisumbui! Nilipomwambia, kesho yake akaja na taa ndogo ya mezani, yakaisha.

Jingine, usisomee kitandani. Najua chumba ni kidogo na kitanda ndicho kiti, lakini mwili ukizoea kufanya hesabu hapo, usingizi nao unagoma. Nenda maktaba, hata korido ikibidi. Kahawa nayo iishie mchana, maana kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kinakunyima usingizi saa tano usiku. Na usiku wa kuamkia mtihani, lala. Ulichosoma mchana ubongo hukipanga ukiwa usingizini.