Somo: Corolla 110 inavuja oili? Anza juu, usikimbilie sili ya krenki

Wakuu, swali hili naulizwa kila wiki, naliandika mara moja. Nazungumzia injini ya 5A-FE.

1. Injini ikiwa imepoa, isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ifute ikauke. Distribyuta ifunike.

2. Tembelea siku mbili, kisha mulika kwa tochi kuanzia juu. Oili hushuka na upepo huirudisha nyuma. Watu wanashusha giaboksi wafikie sili ya krenki (mhimili mkuu wa injini), kumbe inatoka kwenye tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini.

3. Chomoa waya za plagi. Mashimo yana oili? Sili zake zimekufa, nunua pamoja na gasketi ya kava.

4. Toa kava, safisha kingo. Usikwangue aluminiamu kwa bisibisi.

5. Silikoni. Hapa niliharibu. Nilizungushia gasketi nzima nikidhani naongeza usalama. Iliyojibana kuingia ndani ilikatika, ikashuka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini), ikaziba chujio la pampu. Taa ya oili iliwaka nikikaribia Chalinze. Nilizima palepale, na hilo ndilo lililookoa injini. Gasketi ya mpira haitaki silikoni! Weka tone dogo kwenye pembe tu, pale kepu ya kemshafti (mhimili unaofungua valvu) inapokutana na silinda hedi. Taa hiyo ikiwaka, usisogee hata mita mia.

6. Kaza nati kwa kupishana, mkono mwepesi. Ukizidisha, kava inapinda.

MASWALI

— Mkuu langu linavuja, shida nini?
Hatua ya 1 na ya 2.

— Fundi kasema niweke 20W-50 litaacha.
Oili nzito haifufui sili iliyokauka. Nimeshaandika pa kuanzia.

— Nimebadilisha gasketi mara mbili, bado. Inawezekana ni presha ya ndani?
Swali zuri sana, dada. Kwenye kava kuna valvu ya PCV, ya kutolea gesi ya ndani ya injini, yenye mpira unaokwenda manifoldi. Ichomoe uitikise, isipolia, imeganda. Gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni ikikosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili dhaifu. Valvu ikiwa nzima, fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma: moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi zimechoka, na gasketi mpya haitakusaidia.

— Mimi hulaza kadibodi chini ya gari usiku, asubuhi najua upande.
Safi. Iandike tarehe, utaona kama doa linakua.