Insulini na joto la Mtwara
Ndugu mnaotumia insulini, hiyo ni protini. Siku hizi hutengenezwa na bakteria au hamira waliopandikizwa jeni ya insulini, kisha husafishwa mpaka ibaki yenyewe. Joto huiharibu, na kuganda vilevile: ikishaganda itupe, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Kwa hiyo kwenye friji isiguse sehemu ya barafu.

Umeme ukikatika, tumia vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, kati ya vyungu mchanga uliolowa, insulini ndani ya kile kidogo, juu kitambaa kibichi, kivulini penye upepo. Masasi wakati wa kiangazi hupoza vizuri. Mikindani, kwa unyevu ule wa bahari, usivitegemee sana. Chupa ikishafunguliwa, nyingi mwisho ni siku 28. Soma karatasi yake.