Jinsi ya kukusanya komiki zilizogredwa ukiwa Dar, na kujua ipi ni adimu kweli

Mama mkwe alivyoiona slabu yangu ya kwanza (komiki iliyopewa gredi, yaani alama ya ubora, na kufungiwa kwenye plastiki ngumu) aliigeuza geuza, akaigonga na kucha, afu akauliza, "Sasa hii unaifungua wapi?" Nikamwambia haifunguliwi mama, ukiifungua gredi imekufa. Akanyamaza kidogo. "Kwahiyo umenunua kitabu usichoweza kukisoma."

Ndiyo, ndo hivyo. Kama na wewe umeshakubali ugonjwa huu basi twende, ntakueleza ninavyofanya mimi tangu kutafuta mpaka kutunza. Kazi yangu ni kuprinti mabango Kariakoo kwahiyo karatasi nazijua kidogo, mengine nimejifunza kwa kupigwa.

Hatua ya 1: Jifunze kuisoma lebo kabla hujaangalia bei

Kampuni kubwa ya kugredi ni CGC ya Florida Marekani, imeanza mwaka 2000, na nyingine ni CBCS iliyokuja 2014. Unawatumia komiki, wanaikagua ukurasa kwa ukurasa, wanaipa namba kuanzia 0.5 mpaka 10, wanaifungia kwenye plastiki ngumu yenye lebo juu. Huku juu namba zimebanana, 9.0, 9.2, 9.4, 9.6, 9.8, 9.9 afu 10, na usione 9.6 na 9.8 ni kitu kimoja, tofauti inaweza kuwa kimstari kimoja cheupe mgongoni karibu na pini ambacho ukiwa umevaa miwani mbaya hukioni kabisa, lakini bei inaweza kwenda mara mbili.

Watu wengi wanaishia kwenye namba. Angalia na rangi ya lebo. Za CGC ni hivi: ya bluu ndo ya kawaida. Ya njano maana yake kuna saini na mtu wao alishuhudia ikisainiwa. Ya zambarau maana yake komiki imefanyiwa ukarabati, kingo zimekatwa zionekane mpya, au rangi imepakwa, au gundi. Ya kijani maana yake gredi ni hiyo LAKINI kuna kasoro moja kubwa, isome imeandikwa hapo hapo. Kupiga pasi (wanapress kwa mashine kuondoa mikunjo, siyo pasi ya nyumbani tafadhali) hakuhesabiki kama ukarabati, hiyo inabaki bluu.

Mfano mzuri wa kijani ni Incredible Hulk namba 181 ya 1974, ambayo shujaa Wolverine ndo anaonekana kwa ukamilifu mara ya kwanza. Ndani kuna stempu ndogo ya Marvel, kampuni iliyoichapa, watoto wa enzi hizo walikuwa wanaikata na mkasi kuibandika kwenye albamu, kwahiyo unaweza ukakuta kava linang'aa kabisa na ndani kuna kishimo cha mraba. Mtu akikuonyesha 181 ya bei ya kutupa, swali la kwanza ni stempu ipo?

Pia lebo inataja rangi ya kurasa, nyeupe, nyeupe iliyofifia, krimu, mpaka zile zinazokatika kama kaukau. Kwa sisi wa huku hilo ni la muhimu kuliko wanavyolichukulia wenzetu wa nchi za baridi, ntaeleza kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja cha kufuata

Fupi tu: usinunue kila kitu. Mimi nafuata shujaa Black Panther, kuanzia Fantastic Four namba 52 ya 1966 alipotokea mara ya kwanza, na hiyo yenyewe ninayo ya gredi ya chini sana, kava limechoka. Mshkaji wangu wa Sinza anafuata Spider-Man wa miaka ya 80 tu. Ukifuata kitu kimoja utayajua makava yake kama unavyowajua majirani zako, na ikitokea feki au toleo la ajabu unalinusa.

Hatua ya 3: Namba ya cheti kwanza, hela baadaye

Kila slabu ina namba ya cheti kwenye lebo. Muombe muuzaji picha ya lebo iliyo wazi, ingia kwenye tovuti ya kampuni husika, andika namba, itakuletea jina la komiki, gredi na rangi ya lebo. Zikitofautiana hata kidogo achana naye. Afu omba picha ya kingo za plastiki pande zote nne, kama kuna weupe weupe au nyufa kwenye kona huenda imefunguliwa na kufungwa tena, kuna matapeli wanaacha lebo nzuri wanabadilisha komiki ya ndani.

Picha iwe imepigwa bila flashi. Nilinunua moja ambayo kwenye picha mwanga umepiga juu ya lebo, nikaona kitu kama bluu bluu, nikasema bluu hiyo. Ilivyofika ni zambarau. Muuzaji akaniambia "lakini gredi si ni ile ile?" na kweli gredi ni ile ile, sina la kumjibu, namba ya cheti ilikuwepo na mimi ndo sikuiangalia.

Hatua ya 4: Sensa, na hapa ndo watu wanapopigwa

CGC wana sensa kwenye tovuti yao, unaangalia bure. Unaandika jina na namba ya toleo, inakuletea nakala ngapi zimegredwa na kila gredi ina ngapi. Mtu akiona 9.8 ziko 40 tu moyo unamwenda mbio, anasema hii adimu, anatuma hela.

Tulia. Sensa inahesabu zilizopelekwa kugredwa, siyo zilizopo duniani. X-Men namba 1 ya 1991 ilichapwa zaidi ya nakala milioni 8, imo kwenye kitabu cha rekodi za Guinness, na nyingi bado ziko kwenye maboksi ya watu kwasababu hela ya kugredi ni kubwa kuliko thamani ya komiki yenyewe. Sasa linganisha na Action Comics namba 1 ya 1938, ile ya Superman wa kwanza, ilichapwa kama laki 2 na zinazojulikana kubaki ni kama 100 hivi, kwasababu enzi hizo komiki mtoto akishasoma inatupwa, afu vita vya pili vikaja na karatasi zikakusanywa mitaani kurudishwa kiwandani. Nakala moja ya gredi 8.5 iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024. Hiyo haiongezeki, hata mtu akitaka kugredi nyingine hana cha kugredi.

Kwahiyo maswali ninayojiuliza nikiwa nimefungua sensa ni haya. Moja, komiki ya mwaka gani? Ya zamani yenye idadi ndogo, hiyo idadi inaweza kuwa ya kweli, lakini ya mwaka juzi yenye idadi ndogo maana yake tu watu hawajaanza kuzipeleka. Pili, juu yake ziko ngapi? Kuwa na 9.4 wakati juu yako kuna 3 tu ni habari tofauti kabisa na kuwa na 9.4 wakati juu yako kuna elfu 5. Tatu, hiyo idadi imevimba? Mtu akiipata 9.6 anavunja plastiki, anapiga pasi, anapeleka tena apate 9.8, kama hajarudisha lebo ya zamani komiki moja inahesabiwa mara mbili. Kwahiyo sensa inaweza kukudanganya pande zote mbili, inapunguza na inazidisha.

Afu kuna kitu sensa mara nyingi inakuchanganyia pamoja: toleo la dukani na toleo la kwenye vibanda vya magazeti. Miaka ya 80 mpaka mwanzoni mwa 90 kava la kibanda cha magazeti lina mistari ya bakodi kwenye kile kiboksi cha pembeni chini, la duka la komiki mara nyingi kiboksi hicho kina kichwa cha Spider-Man au katuni nyingine. Za vibandani zilishikwa na kila mtu, na zisizouzwa zikarudishwa kuharibiwa, kwahiyo kadri unavyokuja kwenye miaka ya 90 kupata ya kibandani yenye gredi ya juu ni kazi. Usiiamini lebo peke yake, itazame picha ya kava kwa macho yako.

Hatua ya 5: Daftari lako mwenyewe

Sensa ya leo ni picha tu, unataka mkanda mzima. Natumia jedwali la Google kwenye simu, kila tarehe 1 nakaa na chai nusu saa najaza. Safu zangu: jina, namba, mwaka, gredi, rangi ya lebo, rangi ya kurasa, namba ya cheti, ziko ngapi kwenye gredi hiyo, ziko ngapi juu yake, bei ya mwisho iliyouzwa, tarehe. Bei ya iliyouzwa, siyo inayotangazwa, kwenye eBay unachuja zionekane zilizouzwa tu, kuna pia GoCollect na GPAnalysis wanaofuatilia mauzo ya slabu. Kujua toleo lipi ni lipi naingia Grand Comics Database.

Nimejifunza umuhimu wa daftari kwa maumivu. Kulikuwa na komiki mpya, trela ya filamu ikatoka, 9.8 kwenye sensa zikiwa 40 na kitu, nikanunua kwa hela inayokaribia laki 6 nikajiona mjanja wa mji. Miezi mitatu baadaye ziko 110. Miezi sita ziko karibu 300, na bei ikawa laki na nusu, kwasababu kila mtu aliyekuwa nayo kabatini aliiona ile trela kama nilivyoiona mimi. Ningefuatilia hata miezi miwili tu kabla ya kununua ningeona idadi inavyopanda. Sa hivi sheria yangu ni rahisi, komiki ya chini ya miaka mitano sinunui mpaka nimeijaza mara tatu kwenye daftari.

Hatua ya 6: Kulipa, kusafirisha, na hali ya hewa yetu

Kulipa siyo shida siku hizi, kadi ya Visa ya kwenye simu inatosha. Shida ni usafiri. Slabu moja haifiki nusu kilo lakini wasafirishaji wengi wanakutoza kwa ukubwa wa boksi, wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita wanagawa kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linasoma kilo 4.8 hata kama ndani kuna slabu mbili na hewa. Kwahiyo mwambie muuzaji afunge kwa kubana, kadibodi pande zote, slabu isicheze hata kidogo maana zikigongana kona zinapasuka na komiki inaweza kuchomoka mahali pake. Kama una agenti wa mizigo ya ndege Kariakoo, subiri zifike tatu nne ndo uzisafirishe pamoja. Thamani andika ya kweli, ukidanganya na mzigo ukapotea utafidiwa hiyo hiyo ya uongo.

Sasa Dar. Watu wanadhani plastiki imeziba. Haijaziba, hewa inapita taratibu. Nilinunua kipimo cha unyevu nikakiweka kabatini masika, kikasoma asilimia 84, wakati karatasi inataka kati ya 40 na 50 hivi. Kwenye unyevu huo pini za katikati zinaota kutu, na mimi nakaa Kigamboni upepo wa chumvi unaingia mpaka kwenye sukari. Nina slabu moja nikiielekeza dirishani naona kwenye pini ya chini kadoa ka kahawia kama punje ya ulezi, sikumbuki kama kalikuwepo wakati nainunua na sikuipiga picha siku ya kwanza. Piga picha siku ya kwanza, mgongo na pini zote.

Ninachofanya: kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, lile la kuhifadhia unga, slabu zimesimama kama vitabu zisilaliane, ndani silika jeli zile zinazobadilika rangi zikishiba maji, nazikausha kwenye oveni kwa moto mdogo kila baada ya wiki tatu, masika kila wiki. Kontena liko chumba cha ndani kisicho na ukuta wa nje, juu ya meza, mbali na mchwa. AC siitegemei maana umeme ukikatika usiku chumba kinapata joto na jasho kwa pamoja, afadhali kontena lisilojua kama umeme upo.

Hatua ya 7: Ijaribu na vya kwetu

Hii siyo lazima lakini ndo inanipa raha kuliko zote. Majarida ya zamani ya katuni ya Sani, yale ya kina Madenge na Lodilofa, hakuna anayekuonyesha zilibaki ngapi. Tumeanza wenyewe watu wanne, kila mmoja akipita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta au akienda kijijini kwao anaandika kwenye jedwali: toleo namba ngapi, kava lipo, kurasa zote zipo, fumbo la nyuma limejazwa au bado. Hatutoi namba za gredi, tunaandika tu kasoro kwa maneno. Kuna toleo moja tumeliona mara 3 tu mpaka sasa. Mbili hazina kava, na ya tatu iko kwa mzee mmoja Temeke, anaitumia kufunikia ndoo ya maji, na hataki kuuza.