Kabla ya kuvuka Atlantiki: mambo ya kuzingatia kwa chipukizi wa hoki ya barafu kutoka Ulaya

Kijana wa Ulaya anayechaguliwa mapema katika drafti ya NHL, yaani zamu za klabu za ligi kuu ya Marekani na Kanada kuchagua vijana, mara nyingi huwa na sifa ambayo wenzake wengi wa Kanada hawana: akiwa na miaka 17 au 18 ameshacheza na watu wazima katika ligi kuu ya Ufini, Uswidi au Ujerumani, huku Mkanada wa rika lake akicheza na vijana wenzake katika CHL, muungano wa ligi za vijana za Kanada. Sifa hiyo huwafanya wengi, kuanzia wakala hadi mashabiki, waamini kwamba yuko tayari kuanza mara moja. Jesse Puljujärvi alichaguliwa wa nne na Edmonton mwaka 2016, miezi michache baada ya kutangazwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia ya vijana yaliyofanyika Helsinki, lakini misimu yake mitatu ya mwanzo ilimwendea vibaya hadi akarudi nyumbani, klabu ya Kärpät ya Oulu. Kaapo Kakko alifunga mabao 22 katika ligi kuu ya Ufini kabla ya kuchaguliwa wa pili na New York Rangers mwaka 2019. Katika msimu wake wa kwanza huko New York alifunga 10. Vijana hawa hawakupoteza vipaji vyao ndani ya ndege. Walikuta mchezo mwingine na maisha mengine, na sehemu kubwa ya tofauti hizo inaweza kujulikana na kuandaliwa mapema.

Uwanja ndio wa kuutazama kwanza, kwa kuwa unabadilisha karibu kila kitu kingine. Uwanja wa NHL una urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26, ilhali viwanja vingi ambavyo vijana wa Ulaya wamekulia vina upana wa mita 28 hadi 30. Mita hizo chache zimeondolewa pembeni, na pembeni ndiko kijana alikozoea kupumulia: anapokea kisahani, yaani kitufe cha mpira kinachochezewa badala ya mpira, karibu na ukuta, anainua macho, anamtafuta mwenzake, na njia ikizibwa anarudi nyuma na kuzunguka ili shambulizi lianze upya. Katika Marekani ya Kaskazini mzunguko huo hukatizwa na bega la beki kabla haujakamilika. Wakati huohuo, kwa kuwa kila anayesimama pembeni yuko karibu zaidi na goli, shuti ambalo kocha wa Ulaya angeliita la ovyo huwa na maana, kwani huzaa kisahani kinachodunda mbele ya kipa, na hapo ndipo mabao mengi hupatikana. Kipa naye anaguswa na jambo hili, kwa sababu pembe alizozizoea hubadilika na pasi ya kukata uwanja humfikia mpigaji mapema zaidi.

Kwa hiyo kijana atumie majira ya kiangazi kabla ya safari kufanya mazoezi katika eneo finyu, hata kama mji wake hauna uwanja wa vipimo vya NHL. Kocha anaweza kuugawa uwanja kwa vizuizi na kuwachezesha watatu kwa watatu ndani ya sehemu ndogo, ambapo kila mchezaji hulazimika kuamua ndani ya nafasi ya pumzi moja. Kinachopaswa kuwa mazoea ni kutazama nyuma ya bega kabla kisahani hakijafika, na kujua tayari kitapelekwa wapi, maana anayeanza kufikiri baada ya kukipokea amekwisha kuchelewa.

Watu wengi hulitaja kumbo kana kwamba halipo Ulaya. Lipo, na linaruhusiwa na sheria, lakini Marekani ya Kaskazini huja mara nyingi zaidi kwa sababu ya namna timu zinavyoshambulia: kisahani hurushwa hadi kwenye kona, kisha washambuliaji hukikimbilia, na beki anayekifuata huku ameupa mchezo mgongo anajua kwamba atagongwa. Jibu la haraka ambalo familia nyingi hufikia ni kumnenepesha kijana misuli katika miezi mitatu. Naliona jibu hilo kuwa la hatari, kwa kuwa uzito ulioongezwa kwa pupa unaweza kumpunguzia mwendo, na mwendo ndio mtaji wake. Mfano wa Juraj Slafkovský, Mslovakia aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na Montreal mwaka 2022, unatosha kutufundisha. Alikuwa na kimo na nguvu kuliko wengi wa rika lake, na akiwa na miaka 17 alikuwa amefunga mabao 7 kwenye Olimpiki ya Beijing na kutajwa mchezaji bora wa mashindano hayo. Hata hivyo, msimu wake wa kwanza uliishia kwenye mechi 39 na pointi 10 (pointi ni jumla ya mabao na pasi za mabao), huku akipokea makumbo mazito akiwa ameinamisha kichwa, mpaka jeraha likamtoa uwanjani Januari 2023. Mwaka uliofuata alicheza mechi zote 82 na kupata pointi 50, mabao 20 yakiwemo. Umbo lake lilikuwa lilelile. Alichojifunza zaidi ni kusoma hatari mapema na kuulinda mwili wake karibu na ukuta.

Ratiba nayo ipimwe kwa makini. Timu ya ligi kuu ya Uswidi hucheza mechi 52 katika msimu wa kawaida na ya Ufini 60, lakini kwa miaka mingi ya NHL imecheza 82, na makubaliano mapya kati ya ligi na wachezaji yanazifikisha 84 kuanzia msimu wa 2026–27. Zaidi ya idadi, kuna mpangilio wake: zipo wiki za mechi nne, zipo siku mbili mfululizo za mechi katika miji miwili tofauti, na kuna safari za ndege zinazovuka majira ya saa kutoka pwani moja hadi nyingine. Siku za mazoezi ya kweli hubaki chache, na kwa hiyo jambo ambalo kijana hakulijua Septemba atalazimika kujifunza ndani ya mechi, mbele ya maelfu ya watu. Anaheim walipompokea Leo Carlsson mwaka 2023 walimwekea mpango wa kumpumzisha katika baadhi ya mechi, na ni haki ya mzazi au wakala kuuliza mapema kama klabu yao ina mpango wa namna hiyo.

Nimeyataja hayo ili tufike kwenye uamuzi ninaouona mzito kuliko yote, nao ni mahali pa kuchezea msimu wa kwanza. Elias Pettersson alichaguliwa na Vancouver mwaka 2017 akabaki Uswidi mwaka mmoja zaidi, akaongoza ligi kwa pointi 56 katika mechi 44 akiwa na Växjö na kutwaa ubingwa, kisha akaingia NHL na kuwa mchezaji chipukizi bora wa msimu wa 2018–19. Mikko Rantanen alipitia AHL, ligi ambayo klabu za NHL hulea vijana wao, na katika mji wa San Antonio akapata pointi 60 katika mechi 52 kabla ya Colorado kumpa nafasi ya kudumu. Mjerumani Moritz Seider alianza AHL huko Grand Rapids, akacheza msimu uliofuata Uswidi, ndipo akaingia Detroit na kushinda tuzo ileile ya chipukizi mwaka 2022. Leon Draisaitl alianza NHL mapema, akapata pointi 9 tu katika mechi 37, akarudishwa kwenye ligi ya vijana huko Kelowna, na leo hakuna anayeukumbuka mwaka huo kama doa. Njia zao zilitofautiana, lakini wote walipata mahali pa kucheza dakika nyingi na kukishika kisahani. Kijana anayepewa dakika nane kwa mechi katika safu ya nne, akiagizwa tu kuzuia na kurusha kisahani mbele, hupoteza taratibu ujasiri wa kujaribu mambo yaliyomfanya achaguliwe.

Uamuzi huo umefungwa na vifungu vya mkataba, ambavyo havina budi kusomwa kabla ya kutia saini. Mchezaji wa miaka 18 au 19 akicheza chini ya mechi 10 za NHL katika msimu, mkataba wake wa kwanza husogezwa mbele mwaka mzima, na kwa sababu hiyo klabu nyingi hufanya uamuzi zinapokaribia mechi ya kumi. Aliyechaguliwa moja kwa moja kutoka klabu ya Ulaya anaweza kupelekwa AHL katika umri huo, ilhali aliyechaguliwa kutoka CHL kwa muda mrefu hakuruhusiwa hadi atimize miaka 20, na makubaliano mapya yamelegeza sharti hilo kidogo tu. Familia inayofikiria kumpeleka mtoto CHL akiwa na miaka 16 au 17 ili azoee mapema ifahamu kwamba inachagua pia kanuni zitakazomfunga baadaye.

Kuhusu lugha, Kiingereza cha shuleni hakitoshi, kwa kuwa maagizo hutolewa kwenye benchi kwa sekunde chache, katikati ya kelele. Puljujärvi alifika Edmonton akiwa na Kiingereza kidogo, na mtu asiyeelewa alichokosea hawezi kukirekebisha. Kijana ajifunze maneno ya mchezo kwa mwaka mzima kabla ya kuondoka, kutoka kwa mtu aliyewahi kucheza huko. Ajue pia kupika, kuendesha gari, kulipa bili na kukaa peke yake jioni. Wanaokwenda CHL hupokewa na familia wenyeji; wanaokwenda AHL mara nyingi hujipangia nyumba wenyewe. Kuwa na mwenzako mnayezungumza naye lugha moja kuna faida kubwa. Börje Salming alipojiunga na Toronto mwaka 1973, akatukanwa na kupigwa kwa sababu tu ya kuwa Mswidi, alikuwa pamoja na Inge Hammarström.

Hatimaye kuwe na makubaliano ya maandishi kuhusu kurudi. Puljujärvi aliporejea Kärpät msimu wa 2019–20 alipata pointi 53 katika mechi 56, na alipokwenda tena Edmonton alifunga mabao 15 katika mechi 55, kiwango ambacho hakuwahi kukifikia hapo awali. Baadhi ya mawakala huingiza katika mkataba wa kwanza kifungu kinachomruhusu kijana kurudi klabu yake ya Ulaya badala ya kupelekwa AHL asipopata nafasi katika timu kubwa. Klabu ya nyumbani nayo ieleze, kabla hajaondoka, kama itamwachia nafasi kikosini, hadi tarehe ipi, na ni nani atakayempigia simu mwenzake siku hiyo ikifika.