SOMO: Kufuatilia ukoo wako, hasa nyie wa Tanga (someni kabla hamjanifuata inboksi)

Nimechoka jamani. Kila siku "mkuu nianzie wapi nijue asili yetu". Naandika mara moja, na atakayeuliza kilichomo humu namrudisha humuhumu.

1. Anza na wewe, kisha wazazi, kisha wazazi wao. Usianze na ile hadithi kwamba mlitoka Yemen.

2. Tumia daftari, simu zinaibiwa.

3. Nenda kwa wazee na sukari na majani ya chai, omba ruhusa ya kurekodi, halafu nyamaza.

4. MAJINA. Hapa ndo nilipochemka kwahiyo tulieni. Sisi wa pwani wengi hatuna jina la ukoo, mtu ana jina lake, la baba na la babu basi, na mjukuu anapewa jina la babu yake, sasa ukipanda juu unakutana na Omari Ramadhani Omari Ramadhani mpaka kichwa kinauma. Mimi nilikuwa na Omari aliyebebeshwa mizigo ya Mjerumani vita ya 1914, na Omari aliyeandikishwa manamba (kibarua wa shamba la mkonge) 1944, nikawafanya mtu mmoja. Sikupiga hesabu, kijana wa miaka 20 mwaka 1914 angekuwa na 50 mwaka 44, nokoa (msimamizi wa shamba) gani angemchukua mzee huyo akakate mkonge? Nikatoa kopi, nikagawa kwenye arobaini ya shangazi, mzee mmoja akaishika akasoma akauliza taratibu, "Na sisi wa Omari mdogo tumezaliwa na nani?" Kumbe nimefuta watoto sita na wajukuu zao wote. Nilirudi na ubani kuomba radhi, na kuna binamu hanisalimii mpaka leo.

Kwahiyo kila mtu unayemwandika weka vitu vitatu: lakabu yake, alipozikwa, na JINA LA MAMA YAKE. Mama ndo anatenganisha Omari wawili. Tena kwa Wadigo zamani ukoo ulihesabiwa kwa mama na mtu akimrithi mjomba, ukifuata baba peke yake unapotea mapema. Na mzee akisema "baba yangu" uliza baba mzazi au baba mdogo, maana kwetu wote ni baba.

5. Miaka usiulize, uliza matukio. Vita ya Tanga Novemba 1914, uhuru 61, Azimio la Arusha 67, kuhamishiwa vijijini 74, vita ya Kagera 78. "Azimio linatangazwa ulikuwa umeshaolewa?" Bibi atakujibu hapohapo.

6. Kama babu alikuja kwa mkonge, jua kwamba toka 1944 wenye mashamba walikuwa na SILABU, ofisi yao ya kukusanya vibarua kutoka mbali, Kigoma, Njombe, mpaka Ruanda-Urundi. Karani aliandika jina alivyolisikia, kwahiyo la kwenye kipande (kadi ya kazi ya kibarua) linaweza lisifanane na la nyumbani. Tafuteni hivyo vipande kwenye masanduku ya bibi kabla mchwa hawajamaliza.

7. Wakristo ombeni vitabu vya ubatizo, misheni ya Magila pale Muheza ni ya karne ya 19. Waislamu muulizeni sheikh aliyeandika ndoa. Nyaraka za Taifa ziko Dar, ila ni mafaili ya utawala, usitegemee kumkuta babu yako kakaa anakusubiri.

MASWALI

Salimu Jr: Mkuu nitafutie asili ya ukoo wetu, jina letu la mwisho ni Salimu.
Jibu: Salimu ni babu yako, sio ukoo. Namba 4.

Dogo wa Chumbageni: Mbona hujagusa DNA? Si napima tu najua kabila langu, kuliko kuzunguka kwa vizee.
Jibu: DNA inaonyesha unakaribiana na watu wa sehemu gani, haina muhuri wa Mbondei wala Mzigua. Na hao "vizee" ndo maktaba yako, hiyo maabara itakusubiri.

Binti Maramba: Shikamoo. Bibi mzaa baba majirani walimuita Mrundi ila alikuwa anaongea Kizigua safi na ameshafariki. Nitajuaje?
Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri. Waulize waliokaa naye alikuwa anahesabu kwa lugha gani, anabembeleza watoto kwa wimbo gani, na akikasirika anatukana kwa lugha gani, maana tusi halijifichi. Halafu uliza msibani kwake watani gani walikuja kufanya utani. Mtani hakosei mtu wake. "Mrundi" pia walikuwa wanabandikwa wengi waliotoka huko magharibi, Waha wamo, usiishikilie sana.

Mpwa wa Pangani: Babu anakuwa mkali nikigusa habari za utumwa.
Jibu: Usimuulize mbele za watu. Utumwa Tanganyika umefutwa kisheria 1922, hiyo ni kama jana, anaweza kuwa anamsitiri mama yake. Uliza "mama alilelewa kwa nani", akinyamaza achana nayo, rudi mwezi ujao.

Binti Maramba: Ahsante. Na maandishi ya kaburini yamefutika?
Jibu: Piga picha asubuhi jua likiwa la ubavuni, mwagia maji kidogo, herufi zinatokea. Usikwangue na kisu kama alivyofanya mdogo wangu.

Salimu Jr: Nimempigia shangazi. Mama yake babu Salimu ni Mwanaidi, aliolewa kutoka Moa.
Jibu: Ehee! Moa kuna Wasegeju na Wadigo, usiandike kabila bado. Uliza huyo Mwanaidi kazikwa wapi, na mama yake ni nani.