Kabla hujawasha haidrojeni mbele ya darasa, pitia haya kwanza

Walimu wa kemia mliofika topiki ya haidrojeni kidato cha pili, praktikali ya kuitengeneza kwa zinki na asidi ya haidrokloriki wanafunzi wanaipenda sana ila kuna vitu uviweke sawa kabla hujawaingiza labu.

Miwani, wewe na wao. Nywele zifungwe, mitandio ichomekwe. Madirisha wazi. Asidi izimue jana yake, ukali wa molari 2 unatosha, na ni asidi ndio inamiminwa kwenye maji kidogo kidogo, sio maji kwenye asidi, hilo hatubishani. Zinki ikizubaa dondoshea kopa salfeti matone machache itachangamka. Na faneli ndefu ya kumiminia asidi kwenye flaski ya zinki, mkia wake uzame ndani ya asidi, la sivyo gesi yote inatokea juu huku wewe umekodoa macho kwenye beseni la maji la kukusanyia gesi unasubiri mapovu.

Sasa la moto ndio mlishike. Flaski unaiona tupu kumbe imejaa hewa, asidi ikianza kula zinki haidrojeni inachanganyika na hiyo hewa humo humo, na ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ikikutana na moto inalipuka. Kuna mwalimu mmoja, shule siitaji, alitaka wanafunzi waione ikiwaka kwenye ncha ya mrija unaotoa gesi kwenye flaski, mimi nipo mlangoni na trei ya testi tyubu, mapovu ndio kwanza yanaanza, watoto wa nyuma washaanza kelele, akaona awawahi akapeleka njiti. Moto ukarudi ndani, mlio kama tairi la lori limepasuka, kizibo kikagonga dari, flaski vipande vipande, asidi mpaka kwenye madaftari. Binti wa benchi la mbele alichanika kidevu, macho yalipona kwa sababu alikuwa ameinama anaokota peni. Miwani ilikuwepo aisee! Iko kabatini, kabati limefungwa, ufunguo kaondoka nao mtu.

Kwahiyo mrija usiuwashe, achana nao. Kusanya gesi juu ya maji kwenye testi tyubu, za mwanzo mwaga, inayofuata izibe kwa kidole usogee nayo mbali kabisa na flaski, mdomo uangalie chini, ndio ulete njiti. Ikilia kwa ukali bado ina hewa, ikiwaka kwa kimlio kidogo hiyo ni safi, na kwa kidato cha pili mlio unatosha.

Mengine mnayajua, ndoo ya mchanga karibu, bomba kama halitoi jaza madumu maana asidi ikimgusa mtu ni maji mengi tu, jaribu mwenyewe kwanza jioni, umeme ukikatika labu ikawa giza ahirisha. Na zinki iliyobaki kama bado inatoa mapovu iache wazi nje, usiifungie kwenye chupa, kizibo kitafyatuka usiku mlinzi akimbie geti.